Nani Kafanya? Ramli katika Historia ya Njombe na Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepuka kuelekea kusini, na reli ya TAZARA nayo ina kituo chake. Mji wa namna hiyo haukosi nyumba za kulala wageni, mama lishe wanaokesha na mganga aliyepanga chumba kwa wiki mbili tatu kabla hajahamia mji mwingine. Matangazo ya waganga hao hubandikwa kwenye nguzo za umeme: mvuto wa biashara, mpenzi aliyeondoka, kesi, mirathi, na mwishoni kabisa, kumjua mbaya wako. Huduma hiyo ya mwisho ina umri mkubwa kuliko mji wenyewe.

Hapa palikuwa Ubena kabla hapajawa na njia panda. Wabena walimjua Mungu kwa jina la Nguluvi, lakini mambo ya kila siku, yaani mvua, mimba, homa na ng'ombe kutupa ndama, waliyapeleka kwa wazee waliokwisha kufa, kwa njia ya tambiko. Ugonjwa uliokataa dawa ulikuwa na milango miwili. Ama mzimu wa ukoo umekasirika, ama kuna mtu aliye hai mwenye mkono katika jambo hilo. Kazi ya mwaguzi ilikuwa kusema ni mlango upi. Akisema mzimu, ukoo ulipika pombe, ukachinja, ukaomba radhi, na shauri likaishia nyumbani. Akisema mtu, shauri lilitoka nje ya boma, kwa sababu mtu ana jina, na jina lina ndugu. Katika nyanda hizi za juu za kusini, kama kwa majirani wengi, aliyetajwa aliweza kudaiwa anywe mwavi ili kuthibitisha kwamba mikono yake ni misafi. Akitapika amepona, asipotapika ndiye. Mwaguzi hakunywa kitu.

Neno ramli lenyewe lilipanda kutoka pwani. Ni elimu ya Waarabu: nukta zinapigwa mchangani au kwenye karatasi, zinapangwa mistari minne minne mpaka yapatikane maumbo kumi na sita, kila umbo na nyota yake, nyumba yake na tafsiri yake. Mwalimu wa Lamu au Unguja aliyeisoma kwa miaka angeshangaa kusikia kwamba Njombe mtu anayetazama kioo, anayetikisa kibuyu na anayepandisha pepo wote wanaitwa wapiga ramli. Lakini ndivyo lugha ilivyosafiri. Jina lilifika, vyuo vyake vikabaki pwani, na kazi ikaendelea kuwa ile ya zamani ya kuchagua kati ya mzimu na jirani.

Nusu ya pili ya karne ya 19 iliwapa waaguzi wa Ubena kazi nyingi kuliko walivyoweza kuibeba. Kutoka kaskazini walikuja Wahehe wa Munyigumba, kisha wa mwanawe Mkwawa. Kutoka kusini walikuja Wangoni wa upande wa Songea. Sehemu ya Wabena walishuka bonde la Kilombero wakawa Wabena wa mitoni, na waliobaki juu walijifunza kuishi kati ya mawe mawili ya kusagia. Baadaye wakaja Wajerumani. Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin walijenga vituo Kidugala, Yakobi na kwingineko miaka michache tu kabla ya karne kugeuka. Mtawala mkubwa wa Wabena wa Njombe wakati huo aliitwa Mbeyela.

Mwaka 1905 habari zilianza kufika kutoka Ngarambe, huko Umatumbi, kwamba yupo mganga mwenye maji ya kugeuza risasi. Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumpita. Wajumbe wake, waliojulikana kama hongo, waliyabeba nchi hadi nchi, na mmoja wao, Omari Kinjala, aliwafikia Wangoni wa Chabruma. Kutoka huko vita viliingia Ubena. Tarehe 19 Septemba 1905 jeshi la Wabena chini ya Mbeyela lilishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe ya leo. Mchungaji Gröschel na wakristo wachache waliokuwa na bunduki walijihami, na maji hayakuzuia risasi. Yaliyofuata yanajulikana na kila aliyesoma historia ya Tanganyika: mashamba kuchomwa, ghala kuteketezwa, njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki.

Watu huisimulia Maji Maji kama vita dhidi ya mkoloni, nao wana haki. Lakini wanaosahau upande wa uganga wanakosa nusu ya habari. Watu walimwendea Kinjikitile kama walivyomwendea mwaguzi yeyote, wakiwa na malipo mkononi na swali moyoni. Kilichokuwa kipya ni jibu. Badala ya kumtaja mtu wa kijijini aliyeleta balaa, alitaja aliyekuwa juu yao wote, akawaambia wawe kitu kimoja. Hata hivyo baadhi ya hongo, mbali na Ngarambe, walirudia njia ya zamani: walidai kuondoa uchawi katika nchi, na aliyekataa maji aliweza kuhesabiwa mchawi. Umoja ule ulikuwa na mtu wake wa kulipa gharama.

Waingereza walipochukua Tanganyika walikuta vijiji vimechoka na waaguzi hawajachoka. Mwaka 1928 walitunga Sheria ya Uchawi, ambayo leo ni Sura ya 18 ya sheria zetu. Wengi huidhania sheria inayokiri kwamba uchawi upo. Ukiisoma utaona inashughulika zaidi na watu wanaodai: anayejidai ana uwezo wa uchawi, anayeuza zana zake, na, hapa ndipo penye uzito, anayemtaja mtu mwingine kuwa ni mchawi. Mwaguzi wa Ubena ambaye juzi alikuwa nguzo ya kijiji akajikuta ni mhalifu kwa sababu ya sehemu moja ya kazi yake. Sheria hiyo hiyo ikampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumwamuru mtu anayeaminika kufanya uchawi akaishi mahali pengine. Yaani serikali ilimkataza mganga kutaja jina, kisha ikamwachia bwana mkubwa nafasi ya kulifanyia kazi jina lililokwisha kutajwa. Na tusidhani kwamba kwao mambo yalikuwa safi. Mwaka 1944, katikati ya vita vikuu, mahakama ya London ilimfunga Helen Duncan, mwanamke aliyedai kuzungumza na wafu, kwa kutumia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735.

Sheria haikuondoa haja. Mwitu wa miwati wa Tanganyika Wattle Company ulianza kupandwa Njombe mwaka 1949, mishahara ikaanza kuingia, na pamoja nayo swali jipya: kwa nini fulani amejenga na mimi sijajenga? Waaguzi wa nyumbani waliogopa polisi. Basi watu wakaanza kumtafuta mwaguzi nje ya mipaka.

Aliitwa Chikanga, jina lake la nyumbani Lighton Chunda, wa Rumphi katika Nyasaland, Malawi ya leo. Alianza kazi katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, kijana aliyepona ugonjwa mzito na kurudi, kwa maelezo yake, akiwa na uwezo wa kuwajua wachawi. Sifa zake zilivuka mpaka kwa kasi. Mwanaanthropolojia Alison Redmayne, aliyekuwa akifanya utafiti kwa Wahehe, aliona jinsi watu wa nyanda za juu za kusini walivyofunga safari kwenda kwake, akaandika habari zake mwaka 1970. Safari hiyo ilikuwa mabasi hadi Mbeya, kushuka Tukuyu na Kyela, kuvuka mto, kupita Karonga, kisha kupanda milima hadi nyumbani kwa mganga ambako maelfu walikuwa wakisubiri zamu. Watu waliuza ng'ombe kwa ajili ya nauli.

Walichokikuta kule kilikuwa kama ibada. Nyimbo ziliimbwa, na Chikanga mwenyewe alikuwa amelelewa katika kanisa la Presbiteri. Alimwita mtu kutoka kundini, akamweleza alikotoka, mgonjwa aliyemwacha nyumbani na mambo ya ukoo wake, kabla mgeni hajafungua kinywa. Hapo ndipo imani ilipojaa. Kisha akamtaja aliyesababisha, na aliyetajwa alitakiwa aende mwenyewe kule kule, akachanjwe na kusafishwa. Fikiria hali ya mama mzee wa kijijini anayeambiwa na ndugu zake kwamba jina lake limetoka Nyasaland. Akienda, amekubali. Akikataa, amethibitisha. Mwavi ulikuwa umerudi kwa sura nyingine, bila sumu na bila maiti, lakini mlango wa kutokea ulikuwa ule ule mmoja. Nampa Chikanga haki yake: hakuua, na wengi waliosafishwa kwake walirudi wakakaa na majirani zao. Mwaka 1964 serikali ya Kamuzu Banda ilimhamisha kutoka kwao ikampeleka Blantyre na kumzuia kufanya kazi yake. Safari zikakoma.

Miaka iliyofuata ilibadilisha sura ya nchi. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976, ikiwa na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Makambako iliyokuwa kituo cha barabarani ikawa mji. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilikusanya watu waliokuwa wakiishi mbali mbali, ikawapanga nyumba kwa nyumba. Sijui kama waliopanga ramani hizo waliwahi kufikiria maana ya kumweka mtu dirishani kwa jirani aliyemkimbia miaka ishirini. Miaka ya 1980 barabara ya lami ya Makambako kwenda Songea ilikamilika, malori yakawa hayalali, na mahindi na viazi vya Njombe vikapata soko la mbali.

Njia hiyo hiyo ilileta kifo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, lakini kusini hapa ugonjwa ulikuta njia za malori, vibarua wa mashamba na vijana wanaokwenda mbali kutafuta kazi na kurudi. Mkoa wa Njombe ulizaliwa rasmi mwaka 2012, ukitengwa na Iringa, na katika utafiti wa kitaifa wa miaka ile ulionekana na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, ya juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Utafiti wa 2016/17 ulionyesha 11.4, ule wa 2022/23 ukaonyesha 12.7, na mara zote Njombe ilikuwa ya kwanza. Nyuma ya tarakimu hizo kuna nyumba ambako kaka watatu walizikwa ndani ya miaka minne. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa nchini kwa mpango wa serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo hospitali ilikuwa na jina la ugonjwa bila dawa, mganga alikuwa na dawa na jina la mtu. Usishangae watu walichagua nini. Damu ikipimwa inakuambia unachougua, haikuambii kwa nini ni wewe na si mwenzako, na maiti ya kijana wa miaka ishirini na mitano haikubali kwamba hakuna aliyefanya.

Katika miaka hiyo mizito kulikuwa na mwanamke mmoja bondeni ambaye, kwa maoni yangu, aliielewa kazi hii kuliko waganga wote wa barabarani. Bibi Kalembwana wa Ihowanja, katika Ulanga ya wakati ule, chini ya mteremko upande wa mashariki wa Njombe, alikuwa akinyoa uchawi. Mwanaanthropolojia Maia Green ameandika habari zake. Watu walifika wakiwa wawili au zaidi, mtuhumu na mtuhumiwa, mara nyingi kutoka ukoo mmoja. Wote wawili walinyolewa nywele. Wote wawili walipewa dawa ile ile. Dawa hiyo, kwa imani yao, ilimfunga mwenye uchawi asiweze kuutumia tena na ikamkinga asiye nao. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kujua nani alikuwa nani. Walirudi nyumbani vichwa vitupu wote, na mtu aliyewaona njiani hakuweza kusema yupi ndiye. Viongozi wa serikali za vijiji waliliona jambo hilo kuwa na faida kiasi cha kuwaruhusu watu kwenda, maana ugomvi ulikwisha bila damu.

Pwani nako ramli ilichukua njia yake. Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, Dar es Salaam, aliufanya unajimu kuwa kazi ya mjini: magazeti yalichapa nyota zake, redio zikamhoji, wakubwa wakamtembelea. Kabla ya uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba atakayempinga Rais Kikwete ndani ya CCM angekufa ghafla, nchi nzima ikapiga kelele. Yeye mwenyewe alifariki Mei 2011. Msomaji wa Makambako aliyekata gazeti na kusoma nyota yake kwenye basi alipata kitu ambacho mganga wa chumbani hakumpa: maneno yanayomhusu yeye peke yake. Wiki hii kuwa mwangalifu na fedha. Mtu atakupigia simu. Hakuna jirani anayechomewa nyumba kwa sababu ya sentensi hizo.

Huko Ulaya karata zimefanya safari kama hiyo. Tarot ilianza karne ya 15 kaskazini mwa Italia kama mchezo tu, karata 78 za kuchezea. Mwaka 1781 mchungaji Mfaransa, Antoine Court de Gébelin, alidai ndani yake mna hekima ya siri ya Misri ya kale, madai ambayo hayana msingi, na baada yake desturi ya kuzitumia kuagulia ikaenea. Seti inayotumika sana leo ilitoka London mwaka 1909, michoro ya Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite. Siiamini tarot zaidi ya ninavyoamini kioo cha mganga. Lakini wengi wanaowasomea watu wengine karata hizo wamejiwekea mwiko unaostahili kusikika Njombe: hawasomi habari za mtu ambaye hayupo mezani. Ukiuliza mume wako anafanya nini, wanakurudisha: uliza wewe ufanye nini. Kalembwana alifika pale pale kwa wembe.

Mwiko huo haukufuatwa na wapiga ramli wa bara. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa nchi, hasa kanda ya ziwa, na mnamo Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza marufuku dhidi ya wapiga ramli. Miezi michache baadaye polisi walisema wamekamata zaidi ya mia mbili. Magazeti yakazoea kuandika ramli chonganishi, kana kwamba iko ya aina nyingine inayojulikana kisheria. Tangu mwaka 2002 tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala na baraza lake la kusajili waganga. Linasajili tiba. Leseni ya kumtaja mchawi haijawahi kuwepo.

Kisha ikafika mwanzoni mwa 2019. Watoto wadogo walianza kupotea Njombe, na miili ikakutwa imekatwa viungo. Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, Faustine Ndugulile, alivieleza vyombo vya habari kwamba ilikuwa imepatikana miili kumi, na akahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Wazazi walianza kuwasindikiza watoto shule. Soko lilijaa minong'ono, na kila mgeni akatazamwa mara mbili.

Hapa simulizi ya jina haitoshi. Waliofanya yale hawakuwa wakimtafuta mchawi. Hawakuuliza nani kafanya, waliuliza wafanye nini wapate mali. Swali lao lilifanana na lile la msomaji wa nyota, la msomewa karata, la mtu yeyote anayetaka kujua kesho yake. Tofauti ni kwamba jibu walilopewa lilimhitaji mtu mwingine, mtoto ambaye hakuwa chumbani wakati maneno yanasemwa na hakuwa na wa kumsemea. Mama aliyetajwa kutoka Nyasaland naye hakuwa chumbani. Wala mtu wa Ubena ya zamani aliyeletewa mwavi mlangoni. Miaka mia na zaidi ya historia hii inaonyesha gharama ikiangukia upande huo huo, kwa asiyekuwepo.

Sura ya 18 bado inatumika, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa Makambako kama ilivyo Dar es Salaam. Wewe msomaji, ukikwama na ukaona lazima uende kwa mtu wa kukutazamia, hilo ni shauri lako na fedha zako. Lakini akikuomba jina la jirani, au kitu kutoka mwili wa mtu mwingine, simama, toka nje, na uende moja kwa moja kituo cha polisi kabla hujafika nyumbani.